Binti wa Kiingereza wa Enzi ya Victoria: Nani Hasa Alifundishwa Kupika?

Ukimtaja msichana wa Kiingereza wa enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), wengi humwona binti mwenye gauni refu, kakaa dirishani anadarizi huku akingoja posa. Si uongo mtupu. Binti huyo alikuwepo, ila alikuwa wa nyumba chache zenye nafasi. Tuyapime basi madai yanayorudiwa sana kuhusu wasichana wa enzi hiyo.

"Kila msichana alifundwa jikoni na mama yake."

Dai hili ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Binti wa nyumba yenye uwezo jikoni alikuwa mpita njia. Alifundishwa piano, Kifaransa, kuchora, kudarizi na namna ya kupokea wageni, mara nyingi na mwalimu wa kike aliyeishi humo humo nyumbani. Chungu kilikuwa cha mpishi. Akiolewa, kazi yake ni kuamrisha, kukagua hesabu za matumizi, kuajiri watumishi na kuwafukuza. Isabella Beeton, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha uendeshaji wa nyumba mwaka 1861, anaanza kwa kumfananisha bibi wa nyumba na kamanda wa jeshi. Mwenyewe alikuwa na miaka 25 tu, na mapishi mengi aliyachota kwa waandishi waliomtangulia. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 60,000. Kama akina mama wote walikuwa wanawafunda binti zao, wanunuzi hao walitoka wapi?

Waliofundishwa kupika na kufua darasani walikuwa watoto wa maskini. Ushonaji ulikuwa wa lazima kwa wasichana katika shule zilizopata ruzuku ya serikali tangu 1862. Baada ya sheria ya elimu ya 1870 kusambaza shule za msingi, maarifa ya nyumbani nayo yakawa lazima kwao mwaka 1878, na 1882 ikaja ruzuku ya madarasa ya mapishi. Saa za sindano zilimegwa kutoka saa za masomo mengine, ndiyo maana katika hesabu wakaguzi waliwalegezea wasichana kamba. Kaka yake yuko kwenye sehemu na desimali, yeye anatia kiraka.

Watetezi wa mpango huo walisema wanaandaa wake na mama wema. Labda. Lakini kwa wengi kituo cha kwanza kilikuwa nyumba ya watu: miaka 12 au 13, binti anaaga kwao na kisanduku chake, anakwenda kuwa hausigeli. Kufikia 1891, Uingereza na Wales zilikuwa na watumishi wa ndani wa kike zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo usemi kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani ulitimia, ila uliza nyumbani kwa nani.

"Waliozwa wangali watoto."

Sheria iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 12, na haikubadilishwa hadi 1929. Watu lakini hawakuifuata hivyo: kwa wastani mwanamke aliolewa akiwa na miaka 25 hivi, kwani kwanza lazima akiba ipatikane. Jambo litakalomshangaza msomaji wa Pwani, aliyezoea habari za somo na kungwi, ni kwamba binti wa heshima mara nyingi alifika usiku wa harusi bila kuambiwa chochote. Kutojua ndiko kulikohesabiwa adabu.

Na ile hadithi kwamba nyumba za enzi hiyo zilifunika hata miguu ya piano kwa kuona haya? Mwaka 1839 Kapteni Frederick Marryat, Mwingereza, aliisimulia kuhusu shule moja ya wasichana Marekani. Ilikuwa ya kuwacheka Wamarekani.

"Elimu ya juu haikuwa yao."

Queen's College, chuo cha wasichana, ilifunguliwa London mwaka 1848, ikianza na azma ya kuwapa walimu wa majumbani elimu ya maana. Emily Davies na wenzake wakaanzisha mwaka 1869 chuo cha wanawake kilichokuja kuitwa Girton. Chuo Kikuu cha London kikafungulia wanawake digrii zake 1878. Kisha 1890 Philippa Fawcett akawashinda wanaume wote katika mtihani wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Digrii hakupewa, Cambridge ilianza kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948, mwaka ule ule aliofariki.

Mgawanyo wa sindano na kitabu ulivuka bahari ukafika kwetu. Mbweni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, wamisionari Waanglikana wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) walikuwa na shule ya wasichana waliokombolewa utumwani, iliyoongozwa miaka mingi na Caroline Thackeray, aliyefika 1877. Wenye vichwa vyepesi waliandaliwa kuwa walimu. Wengine walielekezwa kwenye kushona, kufua na kupika. Magofu ya shule hiyo yapo hadi leo, karibu na ufuko.