Kuchi wa damu moja: yasemwayo na ukweli wake

“Usichanganye damu.” Ndivyo kijana aliyenunua jogoo wa kuchi, aina ya kuku warefu, huko Wete Pemba au Darajani Unguja anavyousiwa: mpandishe kwa dada yake, watoto wapandishane wenyewe, mbegu ibaki safi. Wanaousia hivyo wanawapenda kuku wao kwelikweli, ndiyo maana inauma kuona mabanda yao yakipungua mwaka hadi mwaka.

Usafi wa mbegu ni jambo moja, undugu ni jengine. Jogoo wa Wete akipanda mtetea wa Makunduchi asiye na nasaba naye, watoto ni kuchi watupu, shingo ndefu na miguu mirefu vilevile. Hakuna kilichopotea.

Kwa kaka na dada hali ni tofauti. Kila kuku ana jeni zenye kasoro zilizojificha, kwa sababu nakala nzima kutoka kwa mzazi wa pili huzifunika. Mtoto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila jeni, wa kupata nakala ileile pande zote mbili, na hapo kasoro haina cha kuifunika. Baba na binti ni hivyohivyo. Endelea kupandisha kaka na dada: kizazi cha pili ni asilimia 37.5, cha tatu 50.

Wengine husema, “Mbona wangu wazuri?” Uzuri wa manyoya haukwambii kitu. Kinachoanza kudhoofika ni uzazi: mayai viza, vifaranga wanaofia ndani ya yai, wengine wanaokufa wiki za mwanzo. Hulaumiwa koo aliyelalia mayai, au jicho la mtu. Ni kweli joto na mayai ya zamani huleta viza pia, lakini yakijirudia kila mlalio katika ukoo uleule, tazama nasaba.

Wapo pia wanaodhani undugu ndio unaotengeneza vilema. Hautengenezi, huvifichua tu. Kwa hiyo mlalio mmoja wa ndugu unaweza kutoka salama, na mfugaji akaendelea.

Hata nyoka yamewakuta. Huko Smygehuk, kusini mwa Sweden, nyoka fulani wa jamii ya kifutu waliotengwa na wenzao walikuwa wakizaa watoto wafu na vilema. Mwaka 1992 waliletewa madume 20 wa aina ileile kutoka kwengine, na kufikia 1999 idadi yao ilikuwa imepanda sana. Waliendelea kuwa nyoka walewale.

Basi badilishaneni majogoo, Pemba na Unguja. Kosa kubwa ninaloliona ni jogoo mmoja kuachwa mpaka apande binti zake; mwondoe kabla hawajaanza kutaga. Mgeni mtenge wiki mbili au zaidi, na hakikisha wote wamechanjwa mdondo, kwani jogoo mmoja mgonjwa anaweza kumaliza banda zima.