Alama ya nchi si alama ya mjasiriamali

Hizi ni dhana potofu kuhusu kupima na kulinganisha tunu za wajasiriamali wa nchi mbalimbali.

Dhana: Ukijua alama za utamaduni za nchi, umewajua wajasiriamali wake.

Hii ndiyo inayopotosha zaidi. Mtafiti anachukua jedwali la Geert Hofstede, msomi wa Kiholanzi aliyezipa nchi alama za utamaduni, anasoma alama ya nchi fulani, kisha anaandika kwamba wajasiriamali wa huko wanaogopa mambo yasiyotabirika. Lakini jedwali hilo lilitokana na dodoso zipatazo 116,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973. Waliojibu walikuwa watu wa mshahara, wa kampuni moja. Wajasiriamali hawakuulizwa lolote. Kuna nchi ambazo hata alama yake yenyewe hazikupata: Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliunganishwa zikapewa alama moja ya Afrika Mashariki, kwa kuwa waliojibu katika kila nchi walikuwa wachache.

Hata alama hizo zingekuwa sahihi kabisa, bado ni wastani. Hofstede mwenyewe alisisitiza kwamba vipimo vyake ni vya kulinganisha jamii na jamii, si mtu na mtu. Tunu za watu wa nchi moja hupishana sana, mara nyingi kuliko wastani wa nchi unavyopishana na wa nchi nyingine. Tena anayeanzisha biashara huenda ndiye hasa asiyefuata wastani wa kwao. Mwaka 1992 mtafiti Rita McGrath na wenzake waliwalinganisha wajasiriamali na wasio wajasiriamali katika nchi kadhaa, wakakuta baadhi ya tunu zinazowatofautisha wajasiriamali zinajirudia nchi baada ya nchi. Jambo hilo lisingeonekana kwenye jedwali la mataifa hata ulikodolee macho usiku kucha. Lilihitaji kuwauliza wahusika, pamoja na kundi la kuwalinganisha nao ndani ya nchi ileile.

Dhana: Basi tumia takwimu mpya zaidi, tatizo litakwisha.

Mradi wa GLOBE, utafiti wa kimataifa wa utamaduni na uongozi uliochapisha matokeo yake makubwa mwaka 2004, ulihoji mameneja wa kati wapatao 17,000 katika jamii 62. Ni kazi nzuri, ila hao nao ni waajiriwa. Somo lake kubwa liko kwingine: waliulizwa mambo yakoje katika jamii yao, kisha yanapaswa kuwaje. Katika vipimo vingi majibu hayo mawili yalikwenda kinyume. Kwa hiyo anayetaka kupima utamaduni lazima aamue kwanza: anauliza desturi au matamanio?

Dhana: Dodoso moja, swali moja, kwa hiyo majibu yanalinganishika.

Chukua kauli ya aina inayotumika katika dodoso la tunu la mwanasaikolojia Shalom Schwartz: kwa mtu huyu ni muhimu kujiamulia mwenyewe anachofanya. Mhojiwa anasema anafanana naye kiasi gani, kwa ngazi sita. Kuna wanaopenda ngazi za juu kabisa au chini kabisa, na wanaojibana katikati. Wako pia wanaokubali karibu kila kauli. Tabia hiyo ya kujibu hutofautiana baina ya nchi, na asiyeiangalia ataiita utamaduni. Schwartz aliagiza kila jibu lipunguziwe wastani wa majibu yote ya mhojiwa huyohuyo, ili kibaki kile anachokitanguliza kuliko vingine. Hatua hiyo inarukwa mno, na inasikitisha, kwa sababu ni hesabu ya kutoa tu.

Lipo pia suala la nani anajilinganisha na nani. Mjasiriamali anayesema "mimi napenda kuthubutu" anajipima na watu wanaomzunguka, si na mjasiriamali wa bara jingine.

Dhana: Mjasiriamali ni mjasiriamali, popote utakapompata.

Ukihoji wenye kampuni zilizosajiliwa katika nchi moja, na waliojiajiri kwa kukosa kazi katika nyingine, tofauti utakayoipata huenda ni ya hali ya maisha. Na waliofunga biashara hawamo kabisa kwenye orodha yako.

Dhana: Tunu ndizo zilizowafanya waingie kwenye biashara.

Dodoso la mara moja haliwezi kuonyesha hilo. Miaka ya kujitegemea, kupata hasara na kuamua peke yako inaweza pia kubadili unachokithamini. Kutenganisha hayo mawili kunahitaji kuwahoji watu kabla hawajaanza biashara, kisha kuwarudia baadaye, wakiwemo walioacha.