Sayansi ya mageuko na tabia zetu: yanayosemwa na ukweli wenyewe

"Mwanamume ameumbwa hivyo, hata sayansi inasema." Kauli hii haikosi kwenye steji za bodaboda hapa Kampala, hasa kukiwa na mtu aliyefumaniwa. Mwaka 1972 Robert Trivers, mwanabiolojia wa mageuko (yaani jinsi viumbe wanavyobadilika polepole kizazi hadi kizazi), alieleza kwamba mzazi anayegharamika zaidi kulea, mara nyingi mama, huwa mteuzi zaidi wa mwenzi. Hayo ni maelezo ya chanzo cha tabia, si ruhusa. Nadharia hiyohiyo inaeleza kwa nini baba anayelea ananufaika pia: mtoto wa binadamu huchukua miaka mingi kujitegemea. Sehemu hiyo haitajwi steji.

"Basi tumezaliwa na sokwe." La. Sisi na sokwe tuna babu mmoja wa zamani. Tuliachana njia na sokwe miaka milioni kadhaa iliyopita, na wao pia wamebadilika tangu hapo.

"Tabia ikiwa na asili ya mageuko, haibadiliki." Dhana hii ndiyo inayoharibu mengi, na jibu lake limo katika misitu yetu ya magharibi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Thibaud Gruber na wenzake walitoboa matundu kwenye magogo, wakatia asali, kisha wakawaachia sokwe wa Kanyawara, msitu wa Kibale, na wa Sonso, msitu wa Budongo. Wa Kanyawara walishika vijiti wakachokoa. Wa Sonso walitafuna majani yakalainika, wakayachovya na kuyafyonza. Asali ni ileile, tundu lilelile, na sokwe ni wa aina moja. Watafiti waliona hapo mkono wa utamaduni: kila kundi lilikuja na mazoea ya kwao. Kama sokwe wenyewe hawafungwi na damu kiasi hicho, sijui sisi tunajitetea kwa lipi.

"Mtoto humpenda mama kwa ajili ya kunyonya." Wanasaikolojia wengi wa Ulaya na Marekani waliamini hivyo hadi katikati ya karne iliyopita. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, akiegemea mageuko na tafiti za wanyama, akaona vingine: kitoto kinachomng'ang'ania mlezi ndicho kinachosalimika hatarini. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi naye London, alifika Uganda mwaka 1954, akawa anatembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchungulia vitu, akigeuka kumtazama mama, akirudi kumgusa, kisha akiondoka tena. Watoto wengine walishikamana hata na watu wasiowanyonyesha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na jaribio maarufu alilolifanya baadaye Marekani, la kumtazama mtoto mama akitoka chumbani na kurudi, lilijengwa juu ya hayo aliyoyaona Buganda.

Mimi naona wasomi waliofuata walimkazia macho mama peke yake kupita kiasi. Katika nyumba nyingi za hapa mtoto akilia, anayemwahi kumnyanyua ni jjajja (bibi au babu) au dada yake wa miaka minane.