Kuku mgeni ndiye nnayemuogopa

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nafungua mlango wa banda halafu nakaa kwenye kigoda dakika kumi hivi naangalia tu. Jogoo ndo wa kwanza kutoka, anapiga mabawa anawika kwa nguvu ingawa ashawika tangu saa kumi, halafu makoo wanafuata, na yuko mmoja mwekundu ambaye lazima aje adonoe ukucha wangu wa mguu ndo aende zake. Mimi ni daktari wa mifugo, kutwa nazunguka hapa Mombasa, Kisauni, Mtopanga, Bamburi mpaka Shanzu nikitibu ng'ombe na mbuzi na kuku wa watu, lakini hizo dakika kumi simpi mtu, manake ni raha yangu na pia ni uchunguzi wangu wa siku.

Kuku anaficha ugonjwa. Akionyesha unyonge wenzake wanamdonoa, kwa hivyo atajikaza wee mpaka ashindwe kabisa, na ukimkuta amejikunyata kwenye kona manyoya yamemsimama ujue hajaanza kuumwa leo. Ndo maana naangalia nani hakukimbilia machicha ya nazi nlipoyamwaga, nani upanga wake kichwani umepauka, nani anapumua kwa sauti. Halafu naangalia kinyesi pale chini ya fito wanapolala. Kinyesi kizuri kigumu kidogo, kina kofia nyeupe juu. Mara chache kwa siku kuku anatoa kingine laini cha kahawia kinanata na kinanuka vibaya, hicho watu wananitumia picha kwenye WhatsApp usiku wa manane wameingiwa na hofu, na hakina neno, kinatoka kwenye utumbo wa pembeni na ni kawaida kabisa. Damu si kawaida. Kijani cha majimaji huku kuku hali chakula, hapo nipigie simu usingoje picha.

Hapa kwetu joto nalo ni ugonjwa. Februari na Machi, upepo ukishalala, kuku wanahema mdomo wazi mabawa wameyaachanisha na mwili, manake kuku hana jasho, njia yake ya kujipoza ni kuhema tu. Sasa akihema hivyo kutwa anatoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, damu yake inabadilika, na ile kaboni ndo mwili unaitumia kujenga ganda la yai. Ndo unakuta mama wa watu analalamika, "daktari, nawalisha vizuri, lakini mayai yana ganda kama karatasi." Si chakula mama, ni joto. Banda la mabati lisilopitisha hewa ni tanuri, toa bati weka makuti, acha ukuta mmoja uwe waya, maji yakae kivulini ubadilishe mchana, na chakula kingi uwape alfajiri na jioni kwa sababu kumeng'enya nako kunatia joto mwilini. Magamba ya chaza na makome tunayo bure ufukweni, yasafishe uyaponde uweke chombo chake peke yake, koo mwenyewe anajua akihitaji. Lakini mabaki ya papa mkavu na ng'onda usiwape, chumvi ile inawaua, nshaona kuku wanakunywa maji hawaachi, wanaharisha mpaka wanalegea miguu.

Masika yakiingia mambo yanageuka. Maranda ya kutandika bandani yakilowa pale kwenye chombo cha maji, vile vijidudu vya kuhara damu vinapata unyevu na joto vinavyotaka, na kwa siku moja mbili tu vishakomaa vya kuambukiza, na vifaranga wa wiki tatu mpaka sita ndo vinawamaliza. Dawa ipo, amproliamu, inachanganywa na maji ya kunywa, ila kama maranda hujatoa yale yaliyolowa utatibu leo na wiki ijayo utatibu tena. Mbu nao wakizidi wanaleta ndui, vidonda vyeusi kwenye upanga na kando ya macho, hiyo ina chanjo yake ya kudunga kwenye ngozi ya bawa. Na kunguru! Kunguru hawa wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sa hizi Mombasa wao ndo wenye anga, kifaranga akitoka nje hivi hivi hafiki jioni. Mimi natandika wavu mkuukuu wa samaki juu ya uwanja wa vifaranga mpaka wafikishe miezi miwili.

Lakini hayo yote mtu anayaweza. Linalonikosesha usingizi ni kideri, wengine wanaita mdondo, dukani utasikia Nyukaso. Ni kirusi, kilianza kujulikana mwaka 1926 kule Java, Indonesia, na Newcastle, Uingereza, ndo kikapata hilo jina, na banda lisilochanjwa kinaweza kulifagia lote. Kuku wanaanza kwa kuzubaa, kukohoa, kinyesi cha kijani, bawa linaning'inia, halafu shingo inapinda. "Daktari, kuku wangu wamelewa," ndo ninavyoambiwa kwenye simu, na moyo unanishuka hapo hapo kwa sababu najua hakuna dawa nitakayobeba. Si shubiri, si pilipili kwenye maji, wala vile vidonge vya binadamu vya rangi mbili ambavyo watu wanavifungua wanawamwagia, antibayotiki haiui kirusi, kinachobaki ni mabaki ya dawa ndani ya mayai unayowakaangia watoto.

Na mara nyingi kideri hakiji na upepo, tunakiingiza wenyewe mlangoni. Kuku wa soko la Kongowea aliyebaki baada ya sikukuu, watu wakasema tusimchinje tumfuge. Jogoo wa zawadi kutoka shamba. Muuzaji aliyetoka kushika kuku wa mitaa mitano akaingia na ndara zile zile. Jirani ambaye kuku wake wanakufa, akawachinja haraka, manyoya na utumbo akatupa jaani, kunguru akauokota akaja kuuangushia uani kwako.

Mimi mwenyewe yamenikuta, na mpaka leo nikilikumbuka naumia. Shangazi yangu alikuja na jogoo kutoka Kaloleni, jogoo mzuri, mweupe na mkia mweusi. Kanuni naijua, nawafundisha watu kila siku, lakini usiku ule mvua ilikuwa inanyesha na tenga lilikuwa limevunjika nikasema alale na wenzake usiku mmoja tu, kesho nitamtenga. Na chanjo ya kuku wangu nlikuwa nshaichelewesha kwa miezi miwili kwa sababu ya kazi. Siku ya sita koo mmoja hakuja kwenye machicha. Siku ya nane walikuwa wamekufa tisa. Nlikuwa nao ishirini na mmoja, nikabaki na wanne, na yule jogoo mwenyewe hakuumwa hata siku moja. Nlichimba shimo refu nikawazika na chokaa juu, watoto wangu wamesimama pale wananiuliza mbona wewe daktari hukuwatibu.

Kwa hivyo mgeni kwangu sasa anakaa peke yake wiki mbili, na nikiweza mwezi mzima. Mbali na banda, vyombo vyake mwenyewe, na namhudumia wa mwisho baada ya wengine, nikitoka naosha mikono nabadilisha ndara. Hata kama ni kuku wa mama yako mzazi. Osha mikono na kwa ajili yako pia, kirusi hiki kikiingia jichoni mwa mtu kinaliwasha na kulifanya jekundu siku kadhaa.

Chanjo yenyewe ndo rahisi kuliko vyote na ndo watu wanaipuuza. Tone moja jichoni, unamshika kuku unasubiri apepese, basi. Kila miezi mitatu au minne unarudia. Iko aina ya I-2 inayovumilia joto kidogo, ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, lakini kuvumilia kidogo si kuiweka kwenye dashibodi ya matatu kutoka mjini mpaka Kisauni, ibebe kwenye fulasiki na barafu. Ukishaichanganya, imalize saa hizo hizo. Usimchanje kuku anayeumwa, na kinga inachukua kama wiki mbili kushika, kwa hivyo ukingoja mpaka wa jirani waanze kufa ushachelewa. Tatizo ninalolisikia sana ni kwamba chupa ina dozi mia na mtu ana kuku sita, anaona anatupa pesa. Mtaani kwetu tumepatana nyumba kumi na moja, tunachanga, chupa moja inanunuliwa agroveti, Jumapili alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa napita na kichupa changu cha matone nyumba hadi nyumba, watoto ndo wanaoshika kuku na wanajua majina ya wote.

Sa hizi yule koo mwekundu anaatamia, nlimuwekea mayai kumi na matatu. Siku ya saba niliyamulika usiku kwa tochi ya simu, mawili hayakuwa na kitu nikayatoa, mengine mishipa ilikuwa imetanda kama mizizi. Siku ya ishirini na moja inaangukia Ijumaa. Na shangazi kapiga simu juzi, anakuja tena, safari hii ana mtetea. Tenga jipya liko tayari chini ya mwembe, nje ya geti.