Maana ya "sekta" katika mji wa Berlin

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, ukitaja Berlin na kugawana, akili inakwenda kwenye mkutano wa 1884 hadi 1885, mataifa ya Ulaya yalipokaa kupangiana taratibu za kuitwaa Afrika. Neno "sekta" ninalolieleza hapa ni la miaka 60 baadaye. Ujerumani ya Hitler ilisalimu amri Mei 1945, na safari hii kilichogawanywa ni Berlin yenyewe. Hata kiwanja cha jumba la Wilhelmstraße ulikofanyika mkutano ule kiliangukia sekta ya Kisovieti.

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa sana. Kanda ni kipande cha nchi. Sekta ni kipande cha mji mkuu. Ujerumani nzima iligawanywa kuwa kanda, kila moja chini ya jeshi la taifa mojawapo lililoshinda vita. Berlin ilitengwa na kanda zote. Mapatano yaliyotiwa saini London tarehe 12 Septemba 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, yaliufanya mji huo kuwa eneo la peke yake la kutawaliwa kwa pamoja, na ndani yake kila jeshi likapangiwa sehemu ya kukaa. Sehemu hiyo ndiyo sekta.

Mipaka haikuchorwa upya. Wapangaji walichukua wilaya 20 za Berlin, zilizokuwepo tangu 1920, wakazigawa kama zilivyo. Wasovieti walipata 8 za mashariki, pamoja na Mitte, kitovu cha mji. Wamarekani walipata 6 za kusini. Wafaransa hawakuwamo katika mpango wa mwanzo. Waliingizwa 1945, wakamegewa Wedding na Reinickendorf kutoka fungu la Waingereza, ambao walibaki na 4.

Ukitaka kuona maana ya mistari hiyo katika maisha ya watu, nenda Bernauer Straße. Mpaka wa Mitte na Wedding ulipita kwenye kuta za mbele za nyumba za upande mmoja wa mtaa. Nyumba ilikuwa sekta ya Kisovieti, na njia ya miguu iliyo mlangoni ilikuwa sekta ya Kifaransa. Mtu akitoka kwenda kununua mkate, tayari amevuka. Kwa miaka mingi alivuka na kurudi, kwa sababu sekta hazikuwa nchi: treni za chini ya ardhi zilipita kote, na maelfu ya watu walilala upande huu wakafanya kazi upande ule. Ukuta wa kuitenga sekta ya Kisovieti na zile za magharibi ulipoanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961, milango ileile ilizibwa kwa matofali, na wakazi wakawa wanaruka kutoka madirishani ili waangukie upande wa Wafaransa. Baadhi yao walikufa pale pale mtaani kwao.

Je, kugawanya mji kwa sekta lazima kuzae ukuta? Wengi huamini hivyo, nami naona wanakosea. Tatizo la Berlin lilikuwa namna ya kuamua. Chombo cha pamoja, Komandatura, kilitaka makamanda wote wanne wakubaliane ndipo jambo lipite. Mwaka 1947 baraza la mji lilimchagua Ernst Reuter kuwa meya. Kamanda wa Kisovieti akakataa, na kukataa kwake peke yake kulitosha kumzuia. Juni 1948 Wasovieti walijitoa kabisa katika Komandatura. Mwezi huohuo, baada ya nchi za Magharibi kutoa sarafu mpya, wakafunga barabara, reli na mifereji ya kuingia sekta za magharibi.

Hapo ndipo mahali ulipo mji pakawa kitanzi. Berlin iko kiasi cha kilomita 160 ndani ya iliyokuwa kanda ya Kisovieti. Haki ya nchi za Magharibi kupita kwa barabara haikuwa imewekwa katika mkataba ulioandikwa. Njia tatu za angani ndizo zilizoandikwa, Novemba 1945. Kwa hiyo chakula na makaa ya mawe vilipelekwa kwa ndege, mchana na usiku, hadi njia za ardhini zilipofunguliwa tena tarehe 12 Mei 1949. Kufikia hapo mji ulikuwa na serikali mbili.

Sasa tazama Vienna. Nao ulikuwa mji mkuu uliokaliwa na majeshi yaleyale manne, nao ulizungukwa na kanda ya Kisovieti. Uligawanywa sekta nne, na wilaya ya kwanza, yaani katikati ya mji, ikasimamiwa kwa pamoja, uongozi ukizunguka kila mwezi. Askari wanne, mmoja wa kila jeshi, walifanya doria ndani ya gari moja. Tofauti ni kwamba Austria ilikuwa na serikali moja tangu Aprili 1945, na Novemba mwaka huo watu walipiga kura nchi nzima. Kisha mapatano ya Juni 1946 yakageuza kanuni ya kura: sheria ya kawaida ya bunge la Austria ilipita isipokuwa mataifa yote manne yaikatae kwa pamoja. Berlin "hapana" moja ilizuia jambo. Vienna zilihitajika nne. Mkataba wa kuirudishia Austria uhuru wake ulitiwa saini tarehe 15 Mei 1955, na kabla ya mwaka kwisha majeshi yote yalikuwa yameondoka.

Berlin neno "sekta" lilidumu katika sheria hata baada ya ukuta kusimama. Berlin Magharibi, yaani zile sekta tatu za magharibi, haikuhesabiwa kuwa sehemu kamili ya Ujerumani Magharibi, nchi iliyotokana na kanda za magharibi: vijana wake hawakuitwa jeshini, na ndege za Lufthansa hazikuruhusiwa kutua huko, walioruhusiwa ni mashirika ya Marekani, Uingereza na Ufaransa. Mamlaka ya mataifa manne yalimalizwa na mkataba uliotiwa saini Moscow tarehe 12 Septemba 1990, miaka 46 kamili tangu siku ya mapatano ya London, na askari wao wa mwisho waliondoka Berlin mwaka 1994.