Kurudi kwa sufu: kwa nini sweta la merino huwa dogo likifuliwa

Sweta la pamba likipungua kidogo, ukilivuta likiwa bichi hukaribia kipimo chake cha awali. La sufu, ikiwemo merino (sufu laini ya kondoo wa jina hilo), likirudi, limerudi. La mtu mzima hutoka kwenye beseni likimtosha mtoto, tena nene na gumu, na hakuna pasi itakayolikomboa.

Chanzo ni unywele wenyewe. Sufu imejengwa kwa keratini, protini iliyomo pia kwenye kucha na nywele zetu, na kila unywele umefunikwa na magamba yaliyopandana kama ya samaki, yote yakielekea nchani. Ukiupapasa kuelekea ncha, unateleza. Kuelekea shina, unakwaruza. Ukilowa, hulainika na magamba hujiinua. Hapo ukifikicha, kila unywele husogea upande wa shina tu, maana magamba hayauruhusu kurudi ulikotoka. Nyuzi huingiliana na kukazana. Hazijawa fupi, zimenasana.

Wengi hulaumu maji moto peke yake. Yanachangia, na sabuni ya mche yenye magadi inachangia, ila mkosaji mkubwa ni mkono: kufikicha na kukamua kwa kusokota. Merino ni nyembamba, mara nyingi chini ya maikroni 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwenye fulana za ndani za wapanda Kilimanjaro, kwa hiyo hunasana upesi.

Basi tumia maji baridi au vuguvugu na sabuni laini ya maji. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kumeng'enya protini ili kutoa madoa ya damu na maziwa, na sufu nayo ni protini. Jiki usiisogeze kabisa. Klorini yake huyeyusha sufu. Bonyezabonyeza tu, suuza, viringisha nguo ndani ya taulo na ukandamize. Kisha itandaze kivulini, kwani kwenye kamba uzito wa maji huivuta ikarefuka.

Zipo merino zinazovumilia mashine. Hizo magamba yake yamepunguzwa kiwandani, aghalabu kwa klorini iliyodhibitiwa, kisha nyuzi zikapakwa utando mwembamba wa plastiki. Soma lebo. Kwenye mitumba lebo huwa imekatwa, na sweta linaloitwa la sufu mara nyingi ni akriliki, uzi wa plastiki: choma uzi mmoja. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika. Akriliki huyeyuka na kuacha donge gumu.

Merino haihitaji kufuliwa kila ikivaliwa. Hunyonya mvuke wa jasho na hukawia kunuka, hivyo kuianika penye upepo usiku kucha mara nyingi hutosha. Ila kabla ya kuiweka kwa miezi, ifue. Viwavi wa nondo wa nguo hula keratini, na penye jasho au chakula kilichomwagika ndipo huanzia. Ikunje, usiitundike, uifunge kwenye mfuko usiopitisha mdudu. Ukishuku mayai, iweke kwenye friza, kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili.