Polima za swichi za kompyuta zinazoiga ubongo nazo ni kemikali

Maombi ya kuingiza vifaa vya utafiti wa kompyuta zinazoiga ubongo yameongezeka, na malalamiko ya mizigo kuzuiliwa yameongezeka nayo. Ukifungua fomu, mara nyingi mwombaji ameandika "plastiki ya maabara" na kuishia hapo. Hayo si maelezo.

Polima (plastiki ya molekuli ndefu) inayoombwa zaidi kwa swichi za kompyuta hizo ni PEDOT:PSS. Huja ikiwa kimiminika cha buluu iliyokolea, polima yenyewe ikiwa takriban asilimia 1 tu na kilichobaki kikiwa maji. Ndiyo, inapitisha umeme. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2000 ilitolewa kwa ugunduzi wa polima za namna hiyo, na bado tunaulizwa kama jambo hilo linawezekana. Swichi ni utando mwembamba wa polima hiyo: voliti ya lango, yaani elektrodi inayoidhibiti, husukuma ioni chanya ndani ya utando, na upitishaji wa umeme hupungua. Lango likitenganishwa, chaji haina pa kurudi, hivyo hali hubaki ilivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford na wenzao walionyesha swichi ya aina hii yenye hali zaidi ya 500 ndani ya takriban voliti 1, ikitumia chini ya pikojuli 10. Kinachohifadhiwa ni uzito wa muunganiko, yaani nguvu ya kiungo kati ya seli mbili za kuigwa. Haifikiri, na anayetaka chipu ya kupandikizwa kichwani amekosea mlango.

Mchanganyiko wa kawaida huongezewa ethileni glaikoli asilimia 5 kwa ujazo ili utando upitishe umeme vizuri zaidi, na GOPS (kemikali ya silani ya kugandisha) asilimia 1 ili ushike kwenye kioo. GOPS iwekwe mwisho kabisa, kwa sababu ikikaa muda mrefu mchanganyiko huanza kuganda. Chuja kwa chujio la mikromita 0.45, mimina kwenye kioo kilichosafishwa na ukizungushe kwa kasi ili utando utandae, kisha oka kwa nyuzi 140 za Selsiasi kwa saa 1. Ukiruka GOPS, utando utabanduka mara tu utakapougusisha maji ya chumvi. Kioo chenye mafuta ya vidole huacha matundu.

Usizidishe voliti 1. Maji huanza kuvunjika kinadharia kwenye voliti 1.23, lakini madhara huanza mapema: oksijeni ya hewani hunyang'anya polima elektroni na hali iliyohifadhiwa huhama polepole. Wengi hulaumu saketi, ilhali tatizo ni hewa.

Sasa sheria. Kimiminika cha PEDOT:PSS ni tindikali, hula alumini, na GOPS hudhuru macho vibaya. Polima nyingine ya swichi hizi, P(VDF-TrFE), huyeyushwa mara nyingi kwa DMF, kiyeyushi kinachopenya ngozini na kudhuru uzazi. Umoja wa Ulaya, tangu 12 Desemba 2023, umeweka kikomo cha miligramu 6 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na miligramu 1.1 kwa kilo ya mwili kwa siku kupitia ngozi. Glavu nyembamba za nitrili hazitoshi. Tumia za mpira wa butili, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Polima hiyo pia ina florini, hivyo inaguswa na pendekezo lililowasilishwa na nchi tano za Ulaya Januari 2023 la kuzuia PFAS, yaani kemikali za florini zisizooza kirahisi. Pendekezo si katazo; msiache kuagiza kwa uvumi.

Kwa Tanzania, Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya mwaka 2003 haiulizi kama kemikali ni ya kompyuta. Mwagizaji asajiliwe kwanza na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha aombe kibali kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji, si ukishafika bandarini. Kila chupa iwe na karatasi yake ya taarifa za usalama, kiasi, na namba ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kemikali: DMF ni 68-12-2, PEDOT:PSS ni 155090-83-8. Kuandika "sampuli" hakuondoi wajibu huo, na kuingiza bila kibali ni kosa kisheria, hata kwa mililita 100.

Mabaki ya DMF yawekwe kwenye chupa yake yenye lebo na tarehe, mbali na vioksidishaji na viyeyushi vyenye klorini. Yasimwagwe kwenye sinki.